Kanzu ya Marehemu Omagor

Sehemu ya kumi na mbili

Najua mmenisema vibaya wiki nzima kwa kumwacha Asio pale. Haya, nimerudi. Bado yuko pale pale, paji la uso limegusa kioo cha jeneza, na maneno aliyoyapigia ukelele bado yanazunguka chini ya hema.

"Hii kanzu ni mimi nilishona! Kwa mkono wangu!"

Watu mia mbili waligeuka. Hata mtu wa spika alizima wimbo.

Chini ya kioo Josiah Omagor alilala na sura ya mtu aliyetoka kazini amechoka. Alikuwa amevishwa kanzu nyeupe, na shingoni ilizungukwa na tarizi ya rangi ya damu ya mzee, majani madogo madogo yaliyofuatana hadi kifuani. Jani la tatu upande wa kushoto lilikuwa limepinda.

Asio alilijua jani lile. Alilipinda mwenyewe miaka minane iliyopita, sindano ilipoteleza kwa sababu Omagor alichungulia dirishani bila hodi. Alitaka kulifumua. Omagor akakataa kabisa, akasema liache hivyo hivyo, hilo ni langu.

Kwa wewe unayeanza leo kwa sababu gazeti limekujia limefungia mandazi, nitasema kwa kifupi. Asio ni fundi wa tarizi pale Malaba. Anashona kanzu za wachumba, kila jani kwa sindano, hakuna mashine. Omagor alikuwa wakala wa forodha mpakani, na nyumbani Amukura alikuwa na mke wake wa kwanza, Teresa. Miaka minane iliyopita alivuka mpaka hadi Tororo, akajitambulisha kama mchumba kwa mjomba wa Asio akiwa amevaa kanzu hiyo. Wakapata mtoto mmoja, Winny. Mjomba ameshakufa. Picha pekee ya siku ile, Etyang, mdogo wake marehemu, aliichana vipande vipande mbele ya Asio na kuvitia mfukoni.

Na leo ndiyo siku ya mazishi, nyumbani Amukura. Kwenye karatasi ya ratiba watoto wa Omagor ni wanne. Winny hayumo.

Kwa ukoo ule, mtoto anayeitwa kwa jina kaburini na kutupa udongo wake, huyo ni wa nyumba. Asiyeitwa ndiyo basi, hata akirudi kesho na mashahidi mia. Asio hakuhitaji kuelezwa maana yake. Mama yake mwenyewe alikuwa amekanwa na ukoo wake. Alipokufa alikaa mochari siku kumi na tisa hakuna aliyemdai, kisha akazikwa makaburi ya kaunti chini ya kibao chenye namba 61. Kibao kile mchwa wamekimaliza. Leo Asio hawezi kuonyesha mama yake amelala wapi, na alikuwa ameapa kwamba Winny hatakuja kuwa mtu wa namba.

"Toeni huyu mama hapa," Etyang alisema. Alikuwa amevaa suti nyeusi na ua jeupe, na ndiye aliyeshika ratiba, kipaza sauti na funguo za nyumba. "Watu wamekuja kuzika. Hatukuja kuangalia sinema."

"Kwanza mjibu," sauti ilitoka kiti cha mbele.

Alikuwa shangazi Apeduno. Mwenye umri mkubwa kuliko wote pale, aliyemlea Omagor na Etyang pia, na aliyewachapa wote wawili kwa fimbo ile ile aliyoshika sasa.

"Etyang, kanzu imetoka wapi?"

"Nimenunua Busia, shangazi. Juzi tu, kwa duka."

Alipokuwa akijibu alimtupia jicho Teresa. Mjane akatazama viatu vyake. Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi na wewe, msomaji, kwa hiyo liweke.

"Ya duka?" Asio aliinuka. Hakushusha sauti. "Kama ni ya duka, fungueni jeneza. Mpime vidole vitatu chini ya mfupa wa kifua. Hapo uzi unabadilika. Juu ni damu ya mzee iliyoiva. Chini imefifia, inakaribia rangi ya matofali. Uzi uliniishia siku moja kabla ya yeye kuja kujitambulisha. Nikatafuta Malaba yote, nikatafuta Busia, nikakosa. Nikamalizia na uzi wa ng'ambo. Hakuna duka linaweza uza kanzu ya rangi mbili. Lakini nilikuwa bibi arusi, ningefanya nini?"

Minong'ono ilipita kwenye viti. Wanawake waliitikia kwa vichwa. Mtu anayebuni uongo hahangaiki na uzi uliomwishia.

"Jeneza halifunguliwi tena," mchungaji alisema. "Tumeshamkabidhi kwa Mungu."

"Mungu hajaenda mbali, mchungaji," Apeduno alijibu. "Fungua."

Watu wote wakamgeukia Etyang, wakitegemea apinge. Hakupinga. Alikunja ratiba, akaitia mfukoni taratibu.

"Sawa. Ifunguliwe," alisema. "Lakini mama, tusikilizane mbele ya watu. Kama huo uzi wako hauko, unachukua mtoto wako, unatoka kwa hii boma, na hutawahi rudi hapa. Umekubali?"

"Nimekubali."

Ee Asio! Mwenye jambo la kuogopa hakubali jeneza lifunguliwe kirahisi hivyo. Lakini Asio hakuwa na nafasi ya kufikiri hivyo. Alikuwa anaona jambo moja tu: Winny akiitwa jina.

Winny alikuwa nyuma kabisa, kwenye viti vya mwisho, na Ziada. Huyu Ziada ni fundi mwenzake Asio. Kwa miaka sita wamekaa varanda moja Malaba, wanaazimana sindano, chai na siri. Ndiye aliyemwambia Asio twende wote, sitakuacha uende peke yako kwa watu wale. Asio alimwachia mtoto kabla ya kupanga foleni ya kumuaga marehemu, na foleni ilikuwa ndefu.

"Asimwone," alimwambia. "Ana miaka saba tu. Sitaki amkumbuke babake hivi."

"Usijali, dada. Mimi niko naye."

Asubuhi wakivaa, Winny alikuwa ameuliza swali. "Mama, ni baba kweli yuko ndani ya sanduku?" Asio alijifanya anatafuta kiatu.

Vijana wawili walifungua parafujo na kuinua kifuniko. Harufu kali ya dawa ya mochari ilipanda, watu wakafunika pua. Apeduno alivaa miwani, akasaidiwa kusimama, akainama juu ya mtoto aliyemlea. Kwanza alimpangusa kitu kisichokuwepo shavuni. Halafu akaweka vidole vitatu kifuani.

Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akatazama tena.

"Rangi ni moja," alisema.

"Shangazi, angalia chini kidogo!"

"Nimeangalia mpaka mwisho, mwanangu. Ni rangi moja."

Asio alimsukuma mtu, hakujua ni nani. Akaona kwa macho yake. Damu ya mzee tupu, kutoka shingoni hadi jani la mwisho. Rangi ya matofali haikuwepo hata kidogo.

Kicheko kilianzia upande wa vijana. Mama mmoja akasema, "Aibu gani hii, kwa matanga ya mtu!" Mwingine akapiga mluzi. Asio aliinama tena juu ya kanzu. Je, alikuwa amesahau? Miaka minane ni mingi. Lakini vidole vyake vilikumbuka. Vilikumbuka hata ladha ya uzi ule wa ng'ambo alipoulowesha mdomoni.

Akanyoosha mkono, akagusa tarizi.

Juu, shingoni, uzi ulikuwa laini, umefuliwa mara nyingi. Vidole vitatu chini ya mfupa wa kifua ukawa mgumu, mkavu, haujawahi kuonja maji. Pembeni yake kitambaa kilikuwa na vitundu vidogo vidogo mahali sindano nyingine ilipopita zamani na uzi wake ukafumuliwa. Akafunua upande wa ndani. Kila jani la huko chini lilikuwa limeishia kwa mafundo mawili yaliyokazwa sana, kama ya mtu anayefunga mbuzi sokoni.

Asio hufunga fundo moja. Mafundi wote wa Malaba hufunga fundo moja, wasiumize ngozi ya mvaaji. Ni mtu mmoja tu anayefunga mawili, na Asio amemcheka kwa hilo miaka sita.

Hapo Jumanne ikamrudia yote.

Jumanne pale varandani Ziada alikuwa na kazi ya haraka. "Ya mtu wa Tororo," alisema. Kanzu alikuwa ameikunja na kuifunga ndani ya leso safi, akaacha wazi upana wa kiganja kimoja tu anaoushona. Hivyo ndivyo mafundi wote wanavyofanya, nyeupe isipate vumbi, kwa hiyo Asio hakushangaa. "Dada, niangalizie rangi," Ziada akaomba, "macho yangu leo hayaoni." Asio akafungua mkebe wake mwenyewe. Akachagua damu ya mzee iliyoiva, akailinganisha, akaipenda. Na kwa sababu mwenzake aliona vibaya, akamtungia na sindano.

Alikuwa ametunga sindano iliyomfuta yeye.

"Imefumuliwa!" alipiga kelele. "Imefumuliwa na kushonwa upya! Uzi ni wangu, umetoka kwa mkebe wangu! Muulizeni Ziada!"

"Nani tena Ziada?" Etyang alicheka. "Sasa ameanza kuita majina. Vijana, mtoeni."

Walimshika mikono. Kiatu kimoja kilimtoka. Alishika ukingo wa jeneza, wakambandua kidole kimoja kimoja, huku mtu wa spika akiambiwa aweke wimbo upesi. Asio alilia kwa sauti, bila aibu tena. Aliwasihi vijana wale kwa jina la mama zao. Walimburuta hadi viti vya katikati.

"Mwacheni."

Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mtu ambaye siku ile hakuna aliyethubutu kumpita. Teresa alikuwa amesimama. Mjane, mke wa kwanza, kitambaa cheusi kichwani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo hata kwa maji.

"Teresa, keti," Etyang alisema haraka. "Umechoka."

"Umeniambia niketi tangu Jumanne, Etyang. Nimechoka kuketi."

Akasogea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya kanzu ya mumewe.

"Hii haikununuliwa juzi," alisema. "Imekaa kwa sanduku lake miaka minane. Kila Krismasi alikuwa anaitoa, anavaa, anarudisha. Kufua ni mimi. Nimeifua kwa hii mikono yangu, nikaianika, nikaipiga pasi. Mnadhani mke hajui nguo anafua? Ilikuwa na rangi mbili. Hapa juu imeiva, hapa chini matofali. Sikuwahi kumuuliza. Nilijua jibu lake nisingelipenda."

Wanawake wa mbele walisogeza viti karibu.

"Alipokuwa hospitali aliniambia akifa nimvishe hii. Si suti. Hii. Etyang akakataa, mimi nikasema mume ni wangu. Ndiyo Jumanne akaichukua, ati inapelekwa mjini kupigwa pasi. Ikarudi na rangi moja. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa."

Akamgeukia Asio. Wake wawili wa mume mmoja wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Sikupendi," Teresa alimwambia. "Sitakudanganya hapa mbele ya mwili. Sikupendi na sijui kama nitawahi. Lakini mume wangu hazikwi na uongo kifuani."

Etyang alifungua mdomo. Fimbo ya Apeduno ikagonga mguu wa meza.

"Wewe nyamaza. Unataka kile kiwanja cha marehemu cha Malaba kisimwendee mtoto huyu, hadi unafumua nguo ya ndugu yako aliyekufa! Tutaongea mimi na wewe baada ya hapa." Kisha akapaza sauti ya kikongwe, na ilifika hadi barabarani. "Ukoo umesikia. Mtoto ni wetu. Andikeni jina lake. Ataitwa wa tano, na atatupa udongo na wenzake. Mleteni!"

Asio alianguka magoti. Kwa muda mfupi sana, msomaji, alikuwa na furaha. Nakuomba umwachie hiyo furaha, kwa sababu haikufika hata dakika moja.

"Winny!" aliita. "Winny, njoo mama!"

Watu waliokuwa wamesimama nyuma wakapisha njia. Viti viwili vya mwisho vilikuwa vitupu. Juu ya kimoja kulikuwa na chupa ya soda iliyobaki nusu, mrija bado umo. Asio aliinua chupa. Ilikuwa ya moto, na sisimizi walikuwa wameshaingia ndani.

Ziada hakuwa ameondoka sasa hivi. Alikuwa ameondoka zamani, pengine tangu foleni.

"Winny!"

Alizunguka jiko. Akafungua choo. Akainua turubai la gari lililobeba viti. Akamuuliza kila mtoto aliyemkuta, na kila mtoto alitikisa kichwa. Aliporudi chini ya hema, alimkuta Etyang ameketi kwa mara ya kwanza siku ile, mguu juu ya mguu.

"Mimi sina neno," alisema, akifungua tena ratiba. "Shangazi amesema mtoto aitwe, aitwe. Ni mtoto yupi? Mimi sioni mtoto."

Asio alimrukia. Wanawake watatu walimzuia, na mmoja wao alikuwa Teresa.

"Usipoteze nguvu kwa huyu," alimnong'oneza. "Enda utafute."

Apeduno alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Mwanangu, kaburi halilali wazi. Hilo sikuliweka mimi, na siwezi kuliondoa." Akaelekeza fimbo magharibi, ambako mwamba wa Tororo ulionekana mweusi ng'ambo ya mpaka. Jua lilikuwa limeusogelea. "Jua likigusa ule mwamba, tunafukia. Mpaka hapo nitakaa kwa hili shimo mwenyewe, na hakuna atakayeshika jembe. Baada ya hapo mtoto atakuwa amechelewa, na hata mimi sitaweza kusema kitu. Kimbia."

Asio alikimbia, kiatu kimoja mguuni. Alikivua njiani akakitupa. Barabarani waendesha boda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakitafuna miwa, wakingoja watu wa matanga.

"Nani amebeba mama wa buibui na msichana mdogo? Sweta ya buluu! Nani amewaona?"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akatema ganda la muwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa nyuma ya koti: Brayo.

"Sista, si huyo mtoi wa nywele za mabutu? Ni mimi niliwabeba. Nimewadrop Malaba hapo kwa daraja, nikarudi. Nimewaacha kwa line ya kuvuka."

"Unipeleke! Sasa hivi!"

Brayo alikwishawasha. Asio akapanda nyuma, akamshika mabega. Mbele yao barabara iliteremka kuelekea mpakani, malori yamepanga mstari usioisha, na juu ya malori ule mwamba, na juu ya mwamba jua.

"Alikuwa analia?" aliuliza, karibu na sikio lake. "Niambie ukweli. Mtoto wangu alikuwa analia?"

"Kulia? Hapana, sista. Alikuwa na furaha sana. Njia yote ananiambia niongeze mwendo."

"Kwa nini?"

Brayo aligeuza kichwa nusu, kama mtu anayeanza kuelewa alichobeba.

"Alisema babake hayuko kwa sanduku. Ati mama yake alimkataza asiangalie ndani kwa sababu ni tupu. Alisema aunty amemwambia baba yuko ng'ambo, anamngoja."